Abiria wa Geti la Saba

Gari lilianza kupiga kelele siku ya tatu baada ya Leonie Prosser kulileta nyumbani. Halikuwa limeharibika. Lilikuwa jipya kiasi kwamba nailoni za viti vya nyuma zilikuwa hazijabanduliwa. Kilicholia ni kengele ya mkanda, ti-ti-ti-ti, na kitaa chekundu kikawaka kwenye dashibodi kuonyesha kwamba aliyeketi kiti cha abiria hajajifunga. Leonie akageuza shingo. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu, hapakuwa hata na mkoba.

"Hakuna mtu, bwana," akaliambia gari. "Nyamaza."

Halikunyamaza. Lilimpigia kelele kilomita thelathini nzima, hadi alipojinyoosha akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, ndipo likatulia. Leonie alitamani kulia yeye. Gari hilo alikuwa amelisubiri miezi kumi na minne. Alijaza fomu, akapiga simu, akabembeleza, akaambiwa meli imechelewa, kisha akaambiwa meli imefika lakini rangi siyo. Lilikuwa toleo maalumu, mia tatu tu kwa Australia nzima: gari la porini la kisasa lililovishwa sura ya zamani. Mwili rangi ya maziwa, mstari wa buluu ubavuni, taa mbili za mviringo kama macho ya bundi, magurudumu ya chuma yaliyopakwa nyeupe, viti vya kitambaa cha miraba. Chini ya mapambo hayo kulikuwa na kompyuta chungu nzima, na kila kompyuta ilikuwa na kengele yake.

Alilinunua kwa sababu ya picha iliyokuwa jikoni kwao, juu ya jokofu. Katika picha hiyo baba yake, Clem, akiwa na miaka thelathini, ameegemea gari la sura hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, na kando yake amesimama mdogo wake, Darcy. Darcy alikufa mwaka huo huo, elfu moja mia tisa sabini na nne. Wilaya nzima ilikijua kifo chake kwa sababu kila mtoto wa kule alifundishwa nacho: gari likikwama jangwani, kaa na gari. Usiliache. Kumbuka Darcy Prosser, aliyeliacha gari akaenda kwa miguu, akapatikana siku ya sita amekauka.

Leonie alikuwa na miaka hamsini na moja. Mama yake alikuwa ameshafariki, ndugu hana, na kwenye ranchi yao, Wirrabel, walibaki wawili tu, yeye na mzee. Maisha yake yote alikuwa akitafuta jambo moja litakalomfanya baba yake amtazame na kufurahi. Mzee alipotimiza miaka themanini, Leonie akaliendesha gari mpaka mbele ya baraza, akapiga honi mara tatu. Clem akatoka na kikombe cha chai. Aliliona gari, na chai yote ikamwagikia ndala zake.

"Rudisha," akasema.

"Baba, hata hujaliangalia vizuri."

"Nimesema rudisha. Mimi hilo silipandi."

Akaingia ndani, akautia komeo mlango wa wavu. Hakueleza kitu, wala siku iliyofuata hakueleza. Leonie alioka keki, akaila peke yake kwa hasira, vipande vitatu.

Kengele nayo ikaendelea. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu kulikuwa na mageti kumi na moja, na Leonie akagundua kwamba kelele zilianzia geti la saba siku zote. Akienda, zilianza hapo. Akirudi, zilinyamaza hapo. Akalipeleka gari kwa waliomuuzia, mwendo wa saa sita kwenda mji wa pwani. Wakakaa nalo siku nzima, wakampa karatasi imeandikwa: "Hakuna kosa lililoonekana." Akarudi nalo mara ya pili, akapewa karatasi ile ile. Mara ya tatu alikataa kuondoka kaunta.

"Labda unaweka mzigo kwenye kiti," fundi akamwambia. Alikuwa fundi mwenye shati safi kupita kiasi.

"Siweki mzigo."

"Chupa ya maji je? Kifaa kilicho chini ya kiti kinahisi uzito."

"Ninakuambia hakuna kitu!"

Fundi akaitazama kompyuta yake, akakuna kidevu. "Kumbukumbu inasema kilo sabini na nne," akasema. "Hiyo ni chupa kubwa, mama."

Leonie alirudi njia nzima akitukana. Alimtukana fundi, akatukana kompyuta, akamtukana na baba yake kidogo. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na nne na nzi walikuwa wanamwingia mpaka puani. Na mbele yake kulikuwa na mageti kumi na moja.

Kule kwao sheria ya geti inajulikana na kila mtu: abiria ndiye anayeshuka kufungua. Dereva anapita, abiria anafunga mnyororo, anarudi kupanda. Aliye peke yake hufanya yote mwenyewe, asimame, ashuke, afungue, apande, apitishe gari, asimame tena, ashuke, afunge, apande, na kazi hiyo huirudia mara kumi na moja. Leonie aliyalaani mageti hayo tangu alipojifunza kuendesha. Alipofika geti la saba siku hiyo, mikono ikiwa imeungua kwa chuma cha mageti manne yaliyotangulia, aliona mnyororo ukijitoa kwenye ndoano, na geti likafunguka lenyewe polepole, likaenda kuegemea ua.

Huenda ni upepo, ingawa upepo haukuwepo. Huenda ni bawaba. Alikuwa amechoka mno kufikiri. Akapitisha gari, na kwenye kioo akaliona geti likirudi na mnyororo ukiruka kukaa mahali pake. Na Leonie, kwa uchovu na kwa mazoea, akainua kidole kimoja juu ya usukani kama wafanyavyo watu wa kule, akasema kwa mzaha, "Asante, rafiki. Haya ingia, twende."

Mlango wa abiria ukafunguka, ukafungwa.

Kengele ikalia. Safari hii haikunyamaza hadi nyumbani.

*

Kilichofuata hakikungoja giza. Saa tisa mchana, jua linapasua mawe, Leonie alisikia viatu vizito vikitembea barazani, kisha kiti cha mbao kikilalamika kama kimekaliwa. Akatoka. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mbwa wao mzee alikuwa amekaa mbele yake, ameinua kichwa na kufumba macho kama mbwa anayekunwa masikio. Na palikuwa na harufu. Tumbaku ya kusokota, na turubai bichi lililopigwa na jua, ile harufu ya mifuko ya maji ambayo watu wa zamani walining'iniza mbele ya magari. Nyumba hiyo haikuwa na mvutaji tangu mama yake afe.

Clem akaacha kula. Chops za kondoo alizopenda zilipoa kwenye sahani zikaganda mafuta. Adhuhuri moja Leonie alipita nje ya mlango wa chumba chake akamsikia akinong'ona.

"Niache. Niache, nimezeeka."

"Baba? Unaongea na nani?"

"Na mbwa."

"Mbwa yuko barazani."

"Basi naongea peke yangu. Mtu haruhusiwi?"

"Baba, humu ndani kuna kitu. Na wewe unakijua."

"Nilikuambia urudishe gari," mzee akasema nyuma ya mlango. "Nilikuambia siku ile ile. Hamsikii, nyie."

"Nyie" alikuwa yeye peke yake. Leonie aliupiga mlango teke, akatoka, akachukua funguo. Alikusudia kulirudisha gari kweli, wamrudishie fedha au wasimrudishie. Alifika geti la saba. Geti halikujifungua, kwa hiyo akashuka mwenyewe, akafungua, akapitisha, akafunga, akapanda tena. Alipoondoa gari akasikia mtu anacheka nje.

Kilikuwa kicheko cha kijana, kicheko cha mtu anayetaniwa na rafiki yake, na pamoja nacho nyayo zikikimbia kando ya gari, upande wa abiria, na kiganja kikipiga bati, pa, pa, kama mtu anayesema ngoja basi. Leonie akakanyaga breki. Nyayo zikafika mlangoni, kitasa kikasogea, na hofu ikamkanyagisha mafuta bila kutaka, gari likaruka mita kumi, na nyuma yake kicheko kikafuata, pa, pa kwenye bati, akasimama tena kwa kuchanganyikiwa, kitasa kikasogea tena, akaondoka tena, na kila alivyoondoka kicheko kikapungua, kikawa kuhema, kuhema kukawa kuita, na kuita kukawa kilio cha mtu aliyekwisha kuelewa kwamba huo si utani, kikamfuata kupanda kilima na kushuka kilima, kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuifikia, hadi alipofunga madirisha yote na kupiga kelele yeye mwenyewe ili asikisikie.

Hakwenda pwani. Alikwenda kwa Myrtle Dost.

Bi Myrtle alikuwa na pampu ya mafuta na karakana ya matairi mjini, na alikuwa na miaka themanini na miwili. Babu yake alikuja kutoka Peshawar, Bara Hindi, pamoja na ngamia, enzi za mizigo ya ngamia, akaoa hapo hapo. Watu walicheka kwamba Bi Myrtle anaziba pancha kwa bismillahi, lakini mtoto akishtuka usingizini walimpeleka kwake, kimya kimya, kwa mlango wa nyuma.

Alilizunguka gari akifuta mikono kwa tambara. Akasimama ubavuni, upande wa abiria. Kwenye vumbi jekundu kulikuwa na alama za vidole vinne, vimeburutwa kutoka kwenye kitasa mpaka taa ya nyuma.

"Alikufungulia geti?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Ukamshukuru?"

"Nilisema asante. Utani tu, Bi Myrtle."

"Ukasema nini tena?"

"Nikamwambia aingie."

"Ee Mungu wangu, mtoto huyu." Bi Myrtle akalitupa tambara. "Anayefungua geti ana kiti. Sheria yenu hiyo ya huku, majini nao wanaijua, wamekaa huku muda mrefu kuliko nyinyi. Ulishaona wapi mtu anafunguliwa geti halafu anamkana aliyemfungulia?"

Akaleta bakuli la maji, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Alikuwa ameisahau katikati, akarudi mwanzo, akaisahau tena pale pale, akajikasirikia. Alipolinyunyizia gari maji, redio ya upepo ya kuitana na majirani, iliyokuwa chini ya dashibodi, ikakwaruza. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwa Leonie.

"Kaka," sauti ikasema ndani ya redio. "Inatosha sasa, kaka. Fungua mlango."

Bi Myrtle akaliweka bakuli chini taratibu sana.

"Huyu simtoi," akanong'ona. "Babu alikuwa anasema kila mtu anazaliwa na jini wake. Mtu akifa, jini yule hafi. Anabaki na sauti ya mtu wake na kinyongo cha mtu wake. Alikuwa anangoja hapo getini, anangoja gari fulani, na wewe umemletea gari lenyewe, rangi yenyewe. Huyo kaka anayeitwa ni nani?"

Leonie alijua ni nani.

"Mpeleke huyo kaka pale pale getini," Bi Myrtle akasema. "Aseme alichokifanya. Aseme chote, asimung'unye maneno. Na wewe shika chupa ya maji, isikutoke mkononi."

*

Clem hakubisha. Alipoambiwa kwamba sauti ilisema "kaka," alikwenda kuchukua kofia yake. Alikataa kiti cha mbele, akaketi nyuma juu ya nailoni mpya, mikono katikati ya magoti, kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Kengele ililia njia nzima. Leonie alikuwa na redio ndogo ya mkononi kiunoni, kama kawaida ya kila mtu wa ranchi. Maji, lita kumi, yalikuwa kwenye dumu nyuma ya gari, na chupa ilikuwa mlangoni kwake.

Geti la saba. Akasimamisha.

"Haya, Baba. Sema."

Clem akakitazama kisogo cha kiti kitupu. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Darcy," akasema. "Samahani."

Leonie akangoja. "Samahani ya nini?"

"Yeye anajua."

"Mimi sijui! Nimenunua gari, nimefukuzana na mafundi, silali, sili, nakuuliza wewe unaniambia mbwa! Umefanya nini?"

"Fungua geti, Leonie. Tugeuzie upande wa pili, turudi."

Alishuka akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote, na ndani ya hasira hiyo aliisahau chupa. Akatoa mnyororo, akalisukuma geti. Gari likapita. Alilifunga geti akiwa bado anasema maneno mabaya chini kwa chini, ndipo akakumbuka kwamba dereva wa gari hilo ni yeye.

Gari lilikuwa limesimama hatua thelathini mbele, linanguruma. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kwenye kioo cha nyuma aliuona uso wa baba yake umegeuka, mdomo wazi. Leonie akatembea kuliendea. Alipobakiza hatua moja kukamata kitasa, gari likasogea. Likasimama. Akalikimbilia, likasogea tena. Likasimama. Utani huo aliujua. Kila kijana wa kule amemfanyia mwenzake getini, unamwacha akaribie, unasogea, akaribie, unasogea, hadi atukane, ndipo unamfungulia mnacheka wote. Mara ya nne aligusa kitasa kwa ncha za vidole, na vidole vinne vikaburuta vumbi jekundu mpaka taa ya nyuma, na gari likaondoka kabisa, likapanda kilima, likapotea.

Ukabaki ukimya na nzi. Hakuwa na maji, wala kofia.

Redio ya kiunoni ikakwaruza. "Leonie?"

"Baba! Simamisha!"

"Siwezi. Usukani unazunguka wenyewe. Milango haifunguki." Alikuwa anahema. "Maji yako huku. Yote yako huku."

Leonie alibadilisha masafa, akaita ranchi za jirani, akaita tena. Kiredio chake hakikuwa na nguvu ya kuvuka kilima cha pili. Akarudi kwenye masafa ya baba yake. "Redio ya gari inafika wilaya nzima, Baba. Nyoosha mkono, badili masafa. Waite watu."

"Niwaambie nini?" Clem akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikisema umebaki getini, wataniuliza umebakije."

Leonie alihisi damu inamwendea machoni. Jua liko utosini, ulimi umeshaanza kuwa mzito, na mzee huyu bado anapima maneno. "Waambie! Waambie gari limeniacha! Unataka nife hapa kwa sababu ya aibu yako?"

Leonie alikaa chini kwenye kivuli cha nguzo, kivuli chembamba kuliko bega lake, akalia kwa ghadhabu, redio mkononi. Zilipita dakika, hakujua ngapi. Kisha masafa ya wilaya nzima yakafunguka.

"Hapa Wirrabel. Clem Prosser. Binti yangu yuko geti la saba, peke yake, hana maji."

Akajibu Nev Hocking, jirani yao wa kilomita hamsini. "Ameliacha gari, Clem? Mtoto wa nyumba yenu? Si mnamjua Darcy nyie?"

"Hakuliacha gari." Sauti ikakatika, ikarudi. "Wala Darcy hakuliacha. Sikilizeni, mlio hewani. Tulikuwa tunakwenda mjini, akashuka kufungua geti, nikamtania. Nilisogea, akacheka. Nikasogea tena. Nikasema ngoja nivuke kilima, atembee kidogo. Halafu nikasema ngoja nifike mjini, nitarudi. Nikakuta watu baa. Nikalewa, nikalala. Niliamka kesho yake saa sita mchana, nikaogopa kwenda kuona. Niliogopa, Nev. Nikawaambia polisi gari lilikwama, akaondoka kwa miguu. Miaka hamsini mnawafundisha watoto wenu kwamba mdogo wangu alikuwa mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa ananingoja mimi."

Leonie alikuwa ameiweka redio kwenye paji la uso.

"Tunakuja," Nev akasema mwishowe, na hakuongeza kitu.

*

Clem alitokea kileleni kwa miguu. Mzee wa miaka themanini, dumu begani, anayumba. Leonie alimkimbilia akampokea, akanywa mpaka maji yakamtoka puani. Wakarudi kukaa chini ya nguzo, wamebanana kivulini. Uso wa mzee ulikuwa umeiva kama nyama.

"Limesimama lenyewe nilipomaliza kusema," akanong'ona. "Mlango ukafunguka. Nikachukua dumu nikashuka."

"Na yeye?"

"Hajasema kitu." Akatazama njia aliyotoka, akatingisha kichwa. "Dakika arobaini, Leonie. Kutoka kule mpaka hapa. Na mimi ni kizee. Miaka yote nilijiambia ilikuwa mbali."

Leonie alitaka kumfokea, akatafuta neno la kuanzia, akamshika mkono badala yake. Mkono huo nao ukamshika. Hakukumbuka mara nyingine ambayo baba yake aliwahi kumshika hivyo. Walikaa hivyo, na Leonie akaanza kuamini kwamba yameisha.

Ndipo waliposikia injini. Iliteremka kilima polepole, na haikuwa ya Nev. Gari la rangi ya maziwa likaja likasimama mbele yao, jirani kabisa, tairi karibu na vidole vyao. Kengele haikulia. Ilikuja harufu ya tumbaku na turubai bichi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu, na Leonie na baba yake wote ni wafupi. Mlango wa abiria ukafunguka.

Clem akainuka kwa kujishikilia kwenye nguzo.

"Usiende," Leonie akasema. "Baba. Umeshasema. Wote wamesikia."

"Nimesema kwao."

"Baba, watu wanakuja! Kaa hapa na mimi!"

Akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Mzee akageuka akamtazama, akamtazama vizuri, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama tangu azaliwe.

"Amenirudia," akasema. "Unaona? Mimi sikumrudia, lakini yeye amenirudia."

"Na mimi je?"

Clem alifungua vidole vya Leonie kimoja kimoja, bila nguvu, kama anayemtoa mtoto mwiba. "Wewe una maji," akasema.

Akapanda. Akavuta mkanda, akajifunga mwenyewe. Leonie aliurukia mlango ukiwa unafungwa, akapiga bati kwa kiganja, akakimbia kando ya gari akiita baba, baba, ngoja, na gari halikumtania, halikusimama hata mara moja. Liliondoka kwa mwendo wa kawaida, likapanda kilima kuelekea barabara kuu.

Nev Hocking alifika baada ya robo saa, akitokea upande huo huo, kwa njia hiyo hiyo moja. Alikuwa na chupa za maji na blanketi lililoloweshwa. Alisema hakupishana na gari lolote, wala vumbi la gari hakuliona.

"Mzee yuko wapi?" akauliza, na alipoona uso wa Leonie akashusha sauti. "Leonie. Clem yuko wapi?"

Leonie alikuwa ameibana redio ndogo sikioni. Ndani yake, mbali sana, vijana wawili walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa na sauti ile ile iliyosema "kaka" kwenye karakana ya Bi Myrtle. Mwingine hakumtambua mara moja, kwa sababu hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, si kwenye Krismasi, si siku yoyote ya miaka yake hamsini na moja, na alipomtambua akalia kwa wivu na kwa hasira kuliko alivyolia kwa msiba. Nev alimwomba apande garini, joto litamwua. Alimwomba mara mbili, mara tatu. Leonie akaendelea kusikiliza hadi betri ikaisha.